Mwongozo Kamili wa Kufunga Muhula Ujerumani na Kurudi Tanga Bila Kuacha Deni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana wa Tanga wanaosoma muhula mmoja au miwili katika vyuo vikuu vya Ujerumani na ambao siku zao za kuondoka zimekaribia. Maswali yanayotufikia kila muhula unapokwisha ni yale yale, na karibu yote huulizwa baada ya ndege kutua. Dhamana ya chumba haijarudi na akaunti ya benki imekwisha kufungwa. Bima ya afya inaendelea kudai. Chuo cha nyumbani hakijaona matokeo. Barua za madai zinatumwa kwenye anwani ambayo mwanafunzi alihama zamani.

Wengi wanaokwama si wazembe, kwani wamefanya karibu kila kinachotakiwa, ila wamekifanya kwa mpangilio uliopinduka. Wanafunga akaunti kwanza kwa sababu ndiyo kazi nyepesi, wanakata laini ya simu ili wasilipe mwezi mwingine, kisha wanagundua kwamba dhamana inahitaji akaunti ya kuingia na akaunti inahitaji simu ya kupokelea namba za uthibitisho. Kanuni inayoongoza hatua zote zilizo hapa chini ni moja: kitu kinachotegemewa na vingine hufungwa mwisho. Soma mwongozo wote mara moja kabla ya kuanza hatua ya kwanza, maana baadhi ya maombi yanahitaji miezi, si siku.

Walioko nchi nyingine za Ulaya watakuta majina ya fomu na ofisi yamebadilika, lakini mpangilio utawafaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti na kadi ya ukaazi, pamoja na picha zake safi zilizohifadhiwa mahali unapoweza kupafikia hata simu ikipotea.
- Mkataba wa chumba na karatasi ya makabidhiano ya siku ulipoingia. Kama ulipiga picha za chumba siku hiyo, zitafute sasa.
- Makubaliano ya masomo yaliyosainiwa na vyuo vyote viwili, toleo la mwisho lenye mabadiliko yote ya kozi.
- Taarifa ya akaunti ya benki ya miezi mitatu iliyopita, iliyochapishwa kwenye karatasi. Weka alama kwenye kila malipo yanayojirudia, kwa sababu hiyo ndiyo orodha ya kweli ya mikataba yako, na kichwa chako hakiwezi kuikumbuka yote.
- Anwani ya barua pepe ya binafsi, isiyo ya chuo chochote.
- Bahasha, stempu na mahali pa kuchapishia. Ujerumani bado inapenda karatasi yenye saini ya wino.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo.
- Rafiki mmoja mwaminifu anayebaki katika mji huo angalau miezi mitatu baada yako. Huyu ni muhimu kuliko vyote, na tutamrudia.

## Hatua ya 1: Panga tarehe tatu kabla ya kununua tiketi

Andika kwenye karatasi moja tarehe ya mwisho ya kadi ya ukaazi, tarehe ya mtihani wa mwisho na tarehe ya mwisho ya mkataba wa chumba. Ndege lazima iondoke baada ya mtihani na kabla kadi haijaisha. Ikiwezekana, iondoke siku moja au mbili baada ya kukabidhi chumba, nawe ulale kwa rafiki.

Kuna mtego katika kalenda ya vyuo. Katika vyuo vikuu vingi muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 31 Machi, lakini vipindi vya darasani humalizika mwezi Februari na mitihani hufuata hapo. Muhula wa kiangazi ni kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na vipindi vyake humalizika Julai. Mwanafunzi anayenunua tiketi kwa kuangalia siku ya kipindi cha mwisho anaweza kukuta mtihani wake umepangwa wiki tatu baadaye. Na yule wa muhula wa baridi akumbuke kwamba muhula wa pili wa nyumbani unaweza kuanza wakati yeye bado anafanya mitihani. Aandike mapema kwa idara yake, iwe Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, kuomba usajili wa kozi kwa njia ya mtandao. Mwenye mkopo wa HESLB aiulize ofisi ya mikopo ya chuo chake jinsi ya kusaini fedha za muhula unaofuata kabla hajapanda ndege.

Tahadhari: kukaa hata siku moja baada ya kadi kuisha kunaweza kuleta maswali mpakani na kuharibu maombi yako ya viza ya baadaye. Kama mtihani umeangukia baada ya tarehe hiyo, peleka ombi la kuongeza muda kwa ofisi ya uhamiaji ya mji kabla kadi haijaisha, kamwe si baada.

## Hatua ya 2: Toa taarifa za kusitisha mikataba

Chukua ile taarifa ya benki uliyoiwekea alama na ushughulikie mstari mmoja baada ya mwingine.

Chumba ndicho cha kwanza. Kwa mkataba wa kawaida usio na tarehe ya mwisho, sheria ya Ujerumani inamtaka mpangaji atoe taarifa ya miezi mitatu, kwa barua ya karatasi yenye saini yake. Barua pepe haitoshi. Mabweni ya wanafunzi mara nyingi yana mikataba yenye tarehe maalumu na masharti yake, hivyo soma wako, wala usiamini alichoambiwa jirani wa chumba cha pili ambaye huenda alisaini mkataba tofauti.

Mkataba wa simu unaomlazimu mtu miezi mingi unaweza kusitishwa kwa taarifa ya mwezi mmoja iwapo unahamia mahali ambapo kampuni haitoi huduma, na Tanga ni mojawapo ya mahali hapo. Watadai ushahidi wa kuhama, ambao utaupata katika Hatua ya 5. Kwa sasa peleka barua na kueleza kwamba ushahidi utafuata. Omba pia namba yako ihamishiwe kwenye laini ya malipo ya kabla, kwa sababu utaihitaji hadi mwisho kabisa.

Tiketi ya usafiri ya Deutschlandticket husitishwa kufikia tarehe 10 ya mwezi ili iishe mwisho wa mwezi huohuo. Ukichelewa hadi tarehe 11, umelipia mwezi mwingine. Ukumbi wa mazoezi, magazeti na programu za muziki nazo zina tarehe zao.

Utajua umefanikiwa pale utakapokuwa na jibu la maandishi kutoka kwa kila upande, likitaja tarehe ya kusitishwa. Ukimya wao si kibali.

## Hatua ya 3: Maliza mitihani na kazi za kuandika

Hakiki katika mfumo wa chuo kwamba umesajiliwa kwa kila mtihani. Kuhudhuria darasa muhula mzima hakukusajili, na dirisha la usajili likifungwa halifunguliwi kwa huruma.

Ukiugua siku ya mtihani, nenda kwa daktari siku hiyohiyo ukachukue cheti na ukiwasilishe kwa ofisi ya mitihani haraka. Ukiona hutaweza mtihani fulani, jiondoe kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa, kwa sababu kutotokea bila taarifa hurekodiwa kama kufeli.

Kazi ndefu za kuandika zina hatari yao. Mhadhiri anaweza kukupa hadi mwisho wa Machi kuwasilisha, nawe ukaona ni neema, halafu ukajikuta unaandika kurasa ishirini sebuleni Makorora huku wageni wakipishana kuja kukusalimu. Ushauri wangu ni kuomba tarehe ya mapema na kuwasilisha ukiwa bado una maktaba. Mwambie pia mhadhiri, kwa barua pepe fupi yenye adabu, kwamba wewe ni mwanafunzi wa kubadilishana na kwamba chuo chako cha nyumbani kinasubiri alama. Baadhi yao huingiza alama za darasa zima miezi baadaye, lakini humtangulizia anayeomba.

## Hatua ya 4: Kusanya nyaraka za masomo

Hapa ndipo muhula mzima unapoweza kupotea, nasi tutakaa kidogo.

Omba nakala rasmi ya matokeo, ambayo huko huitwa Transcript of Records, kwa ofisi ya kimataifa ya chuo. Alama hazitakuwa zimekamilika kabla hujaondoka, kwa hiyo unachotaka sasa ni kuhakikisha wanajua waipeleke wapi: nakala moja kwa barua pepe yako ya binafsi na nyingine moja kwa moja kwa ofisi ya chuo cha nyumbani. Waandikie anwani zote mbili. Anwani yako ya chuo cha Ujerumani itafungwa baada ya usajili wako kufutwa, na aliyetegemea matokeo yatumwe huko atabaki akigonga mlango uliokwisha kufungwa.

Pakua maelezo kamili ya kila kozi uliyosoma: mada, saa, vitabu na aina ya mtihani. Hayo ndiyo yatakayoisaidia idara ya nyumbani kuamua kozi ipi ya kwao inalingana na ipi yako. Jina la kozi peke yake halitoshi.

Omba pia ukurasa unaoeleza mfumo wa alama. Ujerumani alama bora ni 1,0, kufaulu kunakomea 4,0, na 5,0 ni kufeli. Katika vyuo vyetu vingi GPA hupanda hadi 5.0, na hicho ndicho kilele. Karani aliyechoka akikutana na 1,3 bila maelezo anaweza kumhesabu mwanafunzi bora wa darasa kuwa amefeli, na kurekebisha jambo hilo kunaweza kuchukua muhula mwingine. Ukurasa wa maelezo uambatane na matokeo, usitumwe peke yake.

Jambo jingine ni uzito wa kozi. Mzigo wa kawaida wa muhula Ulaya ni ECTS 30, yaani krediti za mfumo wa Ulaya, na ECTS moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Krediti moja katika mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10. Hivyo kozi ya ECTS 5 ina saa 125 hadi 150, sawa na krediti 12.5 hadi 15 za nyumbani. Andika hesabu hiyo kwa kila kozi katika jedwali dogo na uliweke juu ya faili lako. Mwenye kuamua ni idara, lakini jedwali lililo wazi humpunguzia anayeamua kazi, na faili linaloeleweka hushughulikiwa mapema.

Anayefadhiliwa na Erasmus+ ana karatasi moja zaidi: uthibitisho wa kukaa, unaotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ruzuku huhesabiwa kwa tarehe hizo, kwa hiyo isainiwe katika siku za mwisho kabisa za masomo. Ukiisainisha mapema ikaonyesha tarehe ya mapema, unaweza kudaiwa urudishe fedha ulizokwisha kula.

Rudisha vitabu vya maktaba na uombe risiti. Kitabu kimoja kilichosahaulika chini ya kitanda kinaweza kuzuia usajili wako kufutwa vizuri. Uliza pia kama usajili wa wanafunzi wa kubadilishana hufutwa wenyewe muhula ukiisha au ni lazima uombe Exmatrikulation, kwani vyuo vinatofautiana.

## Hatua ya 5: Jiondoe kwenye daftari la wakazi

Abmeldung ni kuiarifu ofisi ya wakazi ya mji kwamba unahamia nje ya nchi. Inafanyika kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka na isizidi wiki mbili baada ya kuhama. Haina malipo. Asiyeifanya anaweza kutozwa faini ambayo kisheria inafika euro 1,000.

Tafuta miadi angalau wiki sita kabla, kwa sababu katika miji mikubwa miadi huisha kama tiketi za basi siku mbili kabla ya Idi. Miji mingi hupokea fomu kwa posta au barua pepe, basi angalia tovuti ya mji wako kwanza.

Fomu itadai anwani yako mpya, na mfumo wao unatarajia jina la barabara na namba ya nyumba. Wengi wetu tumezoea kutaja sanduku la posta na kuelekeza watu kwa msikiti au kwa duka la fulani. Wasiliana na nyumbani mapema wakutumie picha ya kibao cha namba kilichowekwa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, pamoja na jina la mtaa na kata.

Utajua umefanikiwa ukiwa na cheti chenye muhuri au nembo ya mji. Kipige picha, kichape nakala tano, na cheti chenyewe kikae kwenye begi la mkononi. Ndicho ushahidi utakaoutuma kila mahali kuanzia sasa.

## Hatua ya 6: Bima na ada ya utangazaji

Peleka cheti hicho kwa kampuni ya bima ya afya, ukitaja siku ya ndege. Usisitishe kwa tarehe ya nyuma zaidi ili kuokoa euro chache. Mtu huvunjika mguu akibeba sanduku ngazini siku ya mwisho.

Kisha jiondoe kwenye ada ya utangazaji, Rundfunkbeitrag, ambayo ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Abmeldung haikuondoi kwenye ada hii. Ni lazima ujaze fomu yao na kuambatisha cheti. Kama mlikuwa wengi katika nyumba moja na wewe ndiye uliyeandikishwa kulipa, mwenzako aandikishwe kabla hujatoka, la sivyo wataendelea kukutafuta wewe.

Aliyefanya kazi ya muda akachangia kodi aombe kwa mwajiri karatasi ya mwaka ya mapato na kodi. Marejesho ya kodi yanaweza kuombwa kwa hiari hadi miaka minne nyuma, hata ukiwa Tanga.

## Hatua ya 7: Kabidhi chumba

Dhamana, Kaution, kisheria haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za maji na joto. Kwa mwanafunzi hiyo ni fedha nzito, na nusu ya malalamiko tunayopokea yanahusu hiyo.

Anza usafi siku nne kabla. Wakaguzi huangalia mahali ambapo mwanafunzi haangalii: ndani ya tanuri, juu ya kabati, mpira wa mlango wa friji, chokaa ya maji kwenye bomba la bafuni, na kuvu kwenye kona ya dirisha. Chokaa ile haitoki kwa sabuni. Nunua siki au dawa yake, ipake, iache, kisha isugue. Tundu za misumari zizibwe kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba.

Vitu vikubwa usiviache barabarani. Miji ina utaratibu wa kuchukua takataka kubwa kwa miadi, na anayetupa ovyo hutozwa faini. Godoro, sufuria na baiskeli wape wanafunzi wanaoingia. Chupa tupu zirudishe dukani: nyingi za plastiki na makopo zina dhamana ya senti 25 kila moja, na mwanafunzi aliyezirundika chini ya meza muhula mzima anaweza kujikuta na nauli ya treni hadi uwanja wa ndege.

Siku ya makabidhiano iwe mchana, si usiku wa kuamkia ndege, ili kasoro ikionekana uwe na muda wa kuirekebisha. Simama na mkaguzi mwanzo hadi mwisho. Karatasi ya makabidhiano, Übergabeprotokoll, iandikwe hali ya kila chumba, namba za mita na idadi ya funguo ulizorudisha, kisha isainiwe na pande zote mbili. Piga picha kila ukuta.

Tahadhari: usisaini hivihivi karatasi yenye madai usiyokubaliana nayo. Andika kwa mkono wako, juu ya saini, kwamba hukubali jambo fulani. Na funguo usimpe mtu mwingine akurudishie. Ufunguo mmoja wa bweni ukipotea, unaweza kudaiwa gharama ya kubadilisha vitasa vya jengo zima.

Mpe mwenye nyumba namba ya akaunti ya dhamana kwa maandishi, na jina la rafiki anayebaki. Huyu rafiki mwandikie barua ya uwakala, Vollmacht, yenye majina yenu, tarehe, saini na kazi unayomruhusu: kupokea barua zako na kuzungumza na mwenye nyumba. Jina lake liongezwe kama anwani ya mawasiliano kwa bima na kwa chuo. Usimruhusu kufanya jambo lolote linalohusu fedha, hata kama ni ndugu yako wa damu. Undugu na euro za watu haviendi pamoja.

Kumbuka kwamba dhamana inaweza kuchukua miezi kurudi, kwa sababu mwenye nyumba anaruhusiwa kusubiri hesabu za maji na joto.

## Hatua ya 8: Fedha na simu

Usifunge akaunti. Badilisha anwani iliyoko benki iwe ya Tanga, hakikisha programu ya benki inafanya kazi bila mtandao wa Ujerumani, na uache kiasi kidogo cha kulipia makato ya mwisho. Kama akaunti ina ada ya kila mwezi, uliza aina isiyo na ada.

Mwenye akaunti iliyozuiliwa, Sperrkonto, ambayo tangu Septemba 2024 hutoa hadi euro 992 kwa mwezi, aombe salio lake kwa kuambatisha cheti cha Abmeldung au karatasi nyingine atakayotajiwa na mtoa huduma. Aulize mapema, maana masharti hayafanani.

Kwa upande wa nyumbani, mwombe mama au kaka akague kama laini yako ya zamani bado iko hai. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kufungwa, na pamoja nayo huenda namba inayopokea ujumbe wa benki na pesa za mtandao.

## Hatua ya 9: Mizigo na zawadi

Pima kila sanduku nyumbani, kisha ondoa kilo moja zaidi ya unavyodhani inahitajika. Betri za akiba za kuchajia simu ni za begi la mkononi tu, hazikubaliwi kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.

Vifaa vya umeme vya Ujerumani vinafanya kazi kwa volti 230 kama vyetu, ila pini zao ni mbili za duara, utahitaji adapta. Nguo acha. Kubeba nguo zilizovaliwa kutoka Ulaya kuja Tanga ni kupeleka machungwa Muheza. Koti zito nalo liache, isipokuwa kwenu ni Lushoto.

Zawadi zina masharti ambayo duka la Ujerumani halitakuambia. Peremende nyingi laini za mpira zimetengenezwa kwa gelatini ya nguruwe, na chokoleti nyingine zina pombe ndani. Soma nyuma ya pakiti kila mara, kwa sababu shangazi hatasoma, atawagawia watoto wa madrasa. Tafuta zilizoandikwa kuwa ni za mboga tupu au zenye alama ya halali. Chokoleti yenyewe haivumilii buti la basi mchana wa Februari. Ukiibeba, ikae nawe ndani.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania. Funga viatu na zawadi kwa vitambaa au karatasi, uepuke kupanga upya mizigo mbele ya watu uwanjani.

## Hatua ya 10: Kutoka uwanja wa ndege hadi stendi ya Kange, Tanga

Begi la mkononi liwe na pasipoti, kadi ya ukaazi, cheti cha Abmeldung, karatasi ya makabidhiano, nyaraka za masomo na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huulizwa hasa kwa anayetoka au kupita kwa zaidi ya saa 12 katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na baadhi yetu huunganisha ndege Addis Ababa kwa saa nyingi.

Badilisha kiasi kidogo cha euro Dar es Salaam, kwani kanuni za mwaka 2025 zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Ukitua jioni, lala Dar. Mabasi ya Tanga huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na safari ni kama kilomita 350. Mtu aliyekesha ndegeni na kubeba masanduku mawili hana sababu ya kuifanya usiku. Anayefikiria ndege ndogo ya kwenda Tanga aulize kwanza kilo zinazoruhusiwa, kwa sababu ni chache mno kwa mzigo wa muhula mzima.

## Hatua ya 11: Wiki za kwanza nyumbani

Siku mbili za kwanza ni za familia. Siku ya tatu, jaza ripoti ya mfadhili, kwa sababu sehemu ya mwisho ya ruzuku huweza kusubiri ripoti hiyo. Wiki hiyohiyo peleka faili la masomo kwa mratibu wa idara, kwa mkono kama unaweza kufika, na umwachie nakala.

Kila mwisho wa mwezi fungua akaunti ya Ujerumani uangalie mambo mawili: kama kuna anayeendelea kukata fedha, na kama dhamana imeingia. Anayekata bila haki mwandikie ukiambatisha jibu lake la kusitisha, lile ulilolihifadhi katika Hatua ya 2. Kama miezi mitatu imepita bila dhamana wala maelezo, mwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe ya mwisho ya kujibu, ukiambatisha karatasi ya makabidhiano, na mwombe rafiki yako aifikishe kwa mkono. Akikaa kimya bado, vyuo vingi vina dawati la ushauri wa sheria kwa wanafunzi, na rafiki yako anaweza kukuulizia huko.

Dhamana ikishaingia na hakuna anayekata tena, hamisha salio, omba benki ikutumie barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa, kisha ndipo uiache ile laini ya simu ya Ujerumani ife.